UZI: Adabu za hoki ya barafu ya kirafiki (shini), kwa wanaoanza na kwa waliozoea vibaya

#1 BenchiFupi (Edmonton)

Wadau, heri ya msimu. Humu ndani nyuzi za vifaa zimejaa: kiatu gani, gongo la urefu gani, helmeti ipi. Zote nzuri. Lakini mtu akiondolewa kwenye kundi la WhatsApp la Jumatano usiku, haondolewi kwa sababu ya gongo lake. Anaondolewa kimyakimya, haambiwi kitu, na mara nyingi hajui alikosea wapi. Uzi huu ni wa makosa hayo. Nazungumzia shini, yaani hoki isiyo na refa wala ligi: watu 20 wanachanga hela ya kukodi barafu, au mnakutana kwenye muda wa wazi wa manispaa.

La kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Mgeni asiyejua kuteleza vizuri anavumiliwa, tena wengi humpenda. Asiyevumilika ni anayeng'ang'ania barafuni.

Zamu moja ni sekunde 45 hadi 60, basi. Mchezo huu ni kukimbia kwa nguvu zote, kusimama ghafla, kisha kuanza upya. Mapaja yakishachoka mtu huacha kuteleza na kuanza kunyoosha mikono. Gongo linaingia katikati ya miguu ya mwenzake, mwenzake anakwaa, wote wawili wanaishia ukutani. Kukwatuana kwingi kwa shini hakutokani na ubaya wa mtu, kunatokana na zamu ya dakika 3.

Halafu kuna hesabu ya hela. Saa moja ya barafu kwa kawaida ni dakika 50 za kucheza, kwa sababu Zamboni, lile gari la barafu, inahitaji kama dakika 10 kulainisha barafu. Mkiwa 20, watano kwa watano uwanjani, kila mtu ana haki ya dakika 25. Wawili wakijiongezea, wamechukua za wengine waliolipa sawasawa na wao.

Kutoka nako kuna utaratibu wake. Toka paki (kisahani cha mpira mnachogombea) ikiwa mbali, ndani ya eneo la wapinzani au ikiwa ndiyo kwanza mmeipeleka huko. Usitoke timu yako ikishambuliwa hata kama roho iko kooni, maana ukiacha wanne mmefungwa. Ukibakiza kama mita 10 kufika benchi paza sauti useme nafasi yako: "Beki!" au "Winga!" Anayeingia asikanyage barafu mpaka anayetoka awe ndani ya mita moja na nusu kutoka ukuta wa benchi. Anayetoka apite mlangoni, anayeingia aruke ukuta au atumie mlango wa pili. Kwa mazoea, mabeki hutumia mlango ulio karibu na goli lao, washambuliaji ule mwingine. Ukishakaa, sogea, benchi la hoki linakwenda kwa foleni kama kwa kinyozi. Aliyekaa karibu na mlango ndiye bawabu: anaufungua, anaufunga, haangalii simu. Mlango uliosahaulika wazi ni ncha ya ukuta iliyokaa kifuani kwa mtu anayekuja kwa kasi.

Mgawanyo: mkiwa 10 kila upande, washambuliaji 6 na mabeki 4, rahisi. Mkiwa 13, washambuliaji 9 na mabeki 4. Mkiwa 8 msipoteze muda na safu, badilishaneni mmoja mmoja: aliyekaa wa kwanza ndiye anayeingia wa kwanza.

#2 MgeniWaTheluji (Winnipeg)

Mkuu, asante kwa uzi. Swali: kwenye shini saa ya ukutani mara nyingi haiwashwi. Sekunde 45 nitazijuaje na mimi natafuta pumzi?

#3 BenchiFupi

Hesabu safari. Uwanja wa kipimo cha NHL (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada) una urefu wa mita 61. Ukienda na kurudi mara mbili kwa kasi ya kweli, zamu yako imeisha. Dalili nyingine: ukijikuta umesimama wima, au umelaza gongo juu ya magoti unahema, ulipaswa kuwa umeshatoka.

Kwa kundi la wanaoanza, muombeni mwendesha uwanja aweke king'ora kilie kila sekunde 90. Kikilia, mwenye paki anaiacha ilipo, wote wanatoka, wengine wanaingia. Hakuna ubishi na hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole.

#4 KipaHalipi (Toronto)

BenchiFupi umeandika vizuri, ila umeanza na wenye benchi ukamsahau mwenye mchezo. Bila makipa wawili hamna hoki, mna watu wanaokimbizana.

Ndiyo maana kwenye makundi mengi kipa halipi, au analipa nusu. Kuna wanaonung'unika. Wakumbuke kwamba vifaa vya kipa ni ghali mara kadhaa kuliko vya mchezaji, habadilishwi, na kazi yake ni kugongwa. Mratibu akikosa kipa analazimika kumkodi kwa programu ya simu, na hiyo hela inatoka kwenu.

Sasa kumpasha kipa moto, maana hapa ndipo mtu anapojulikana kama amefunzwa. Dakika 5 za kwanza ni za kipa. Mwacheni kwanza akwaruze barafu ya goli lake kwa vyuma vya viatu. Anafanya hivyo kwa sababu Zamboni imeiacha kama kioo na hawezi kujisukuma kutoka mlingoti mmoja wa goli hadi mwingine. Akimaliza, wachezaji wapange nusu duara kwenye mstari wa buluu (unaotenga eneo la goli na katikati ya uwanja), kila mmoja na paki yake. Anapiga mmoja, kutoka mwisho wa upande mmoja kwenda mwingine, na anayefuata anasubiri kipa amtazame. Raundi ya kwanza: shuti la kifundo cha mkono, chini, kwenye pedi. Ya pili: upande wa glovu, usawa wa kiuno. Ya tatu: upande wa gongo. Baada ya hapo ndipo mnaweza kusogea.

Lengo ni apate kuigusa paki, si wewe ufunge. Kumfunga kipa kwenye kupasha moto hakuna sifa yoyote. Msije na chenga mpaka miguuni pake dakika ya pili. Nyonga bado ni za baridi, akilazimika kuanguka na kutandaza miguu ghafla msuli unachanika na usiku wenu umekwisha. Na paki mbili kwa pamoja ni mwiko, kwa sababu kipa anatazama moja na ya pili inampata shingoni.

Kwenye mchezo wenyewe: akishaifunika paki, acha. Usichokonoe glovu kwa gongo. Usije kusimama mbele yake kwa kukata vyuma ili theluji imrukie usoni. Wengine hudhani ni utani, kipa hadhani hivyo. Mchezo ukishasimama usipige paki golini hata kwa kujifurahisha, kwa sababu kipa ameshalegea na pengine ameinua wavu wa uso anakunywa maji.

Mwisho wa mchezo kila mtu anapita kwa makipa wote wawili, wa upande wake na wa upande wa pili, anamgonga pedi kidogo kwa gongo au ngumi kwa glovu. Ni sekunde 10 tu.

#5 MkwajuWaKusini (Calgary)

Nakubaliana na mengi ila kwenye shini mnaionea slapshoti (mkwaju wa kuinua gongo nyuma na kuishushia paki kwa nguvu), hamtaki ipigwe. Kama wote tuna vifaa kamili, kipa ana vifaa kamili, tatizo nini? Hoki bila slapshoti ni nusu hoki.

#6 KipaHalipi

Kaka, kipa ndiye mwenye kinga bora kuliko wote uwanjani. Tatizo ni wengine. Paki ni kisahani cha mpira mgumu cha gramu 170 hivi, kipenyo sentimita 7.6, unene 2.5, na kwenye NHL hugandishwa kabla ya kutumika ili isidunde. Kwenye ligi, beki anayezuia shuti anajua linakuja na amejipanga. Kwenye shini mbele ya goli kuna fundi bomba wa miaka 50, mwanafunzi, na mtu mwenye kinga za miguu za kuazima zisizofunika kifundo. Hakuna aliyekubali kusimama mbele ya mkwaju wako.

Pili, slapshoti ya mchezaji wa kawaida haina shabaha. Zdeno Chara, beki wa NHL, alipima kilomita 175 kwa saa mwaka 2012 kwenye mashindano ya ustadi ya NHL, na goli halikuwa na kipa. Sisi tunapiga polepole zaidi, ila hatujui inakwenda wapi. Tatu, gongo. Linapanda nyuma, linashuka, halafu linapanda tena mbele baada ya kupiga, na aliye karibu analipata usoni.

Shuti la kifundo na shuti fupi la kusukuma yanatosha kabisa. Kundi lenu likikubaliana wote kwamba slapshoti ruksa, sawa, lakini makipa ndio waulizwe kwanza.

#7 MkwajuWaKusini

Hiyo ya gongo kupanda baada ya shuti sikuitilia maanani. Sawa, nimeelewa.

#8 DadaMstariMwekundu (Ottawa)

Niongeze ya kupanga timu, kwa sababu mchezo mbovu huanza hapo.

Kila mtu abebe jezi mbili, moja nyeupe na moja nyeusi au buluu iliyokoza. Si kijivu. Kijivu kwa pembeni ya jicho kinafanana na zote mbili, utapewa pasi na wapinzani na kunyimwa na wenzako. Mnahitaji mbili kwa sababu timu hupangwa upya katikati ya mchezo: baada ya dakika 15 mkiona upande mmoja unafunga mfululizo, mchezaji mmoja mzuri abadilishane jezi na mmoja wa kati wa upande wa pili. Msiwabadilishe watatu kwa pamoja, mizani inapinduka na mnaanza tena. Hakuna kumbembeleza mtu, mratibu akisema "wewe vaa nyeupe" unavaa.

Kiwango chako kitaje bila kujipamba. Mratibu akiuliza, hataki kusikia ulicheza wapi utotoni. Anataka kujua kama unateleza kinyumenyume, kama unasimama kwa pande zote mbili, na kama unaweza kupokea pasi ukiwa kwenye mwendo. Ukikosa mawili kati ya hayo, tafuta saa ya wanaoanza au ile ya mazoezi huru, ambapo kila mtu ana paki yake na hakuna mechi. Huko napo usianzishe mechi, na usipige shuti kwenye goli lenye mtoto anayejifunza.

Usilete rafiki bila kuuliza. Orodha imeshafungwa kwa 20, rafiki yako ni wa 21, na kuna mtu yuko kwenye orodha ya kusubiri tangu Jumapili.

Vyumbani: mahali pengi wanawake na wanaume hugawiwa chumba kimoja, hivyo njoo umeshavaa nguo za ndani za michezo, suruali fupi na fulana, na fanya hivyo uwe mwanamke au mwanamume. Simu haitolewi kupiga picha humo, hata ya "mkusanyiko wa wana". Begi liwe chini ya benchi, si katikati ya njia. Watu wanatembea juu ya vyuma vikali na begi likiwa njiani mtu ataruka, na akiruka atatua kwenye saruji na kuua makali.

#9 MgeniWaTheluji

Dada, na yule mkali kuliko wote afanyeje? Kwenye saa za wazi za manispaa anakuja mtu alicheza chuo, anachukua paki nyuma ya goli lake, anapita wote watano, anafunga. Mara nne mfululizo. Hakuna sheria aliyovunja.

#10 DadaMstariMwekundu

Hakuvunja sheria, amevunja mchezo. Mkali anayejua adabu utamtambua kwa mambo machache: akishafunga goli moja au mawili anageuka kuwa mtoa pasi, anamtafuta dhaifu wa timu yake na kumwekea paki kwenye bapa la gongo, polepole, si pasi ya risasi inayomruka, anapiga shuti kwa upande wa nyuma wa gongo, anamkaba mkali mwenzake na kumpa anayeanza nafasi ya mita moja ya kugeuka. Hiyo nafasi ndogo ndiyo inayomfundisha mtu.

Lakini asijifanye kutembea. Kumchezea mtu kwa dharau kunaonekana na kunauma kuliko kumfunga.

Na anayeanza naye ana wajibu wake: weka bapa la gongo barafuni muda wote. Gongo likiwa hewani, mkali hana pa kukupasia hata akitaka.

#11 BenchiFupi

Nitilie mkazo moja ya pasi. Kugonga gongo barafuni mara mbili maana yake "niko wazi". Usigonge wala kuita ili mpinzani aliyekupa mgongo akupasie kwa kudanganyika. Kwenye NHL hiyo ni ujanja, kwenye shini ni uhuni, na ukifanya mara moja hakuna atakayekuamini hata ukiwa timu yake.

Kuvizia nako hivyohivyo. Anayebaki karibu na goli la wapinzani akisubiri paki ndefu huku wenzake wanakaba wanne kwa watano, arudishwe benchi kwa maneno mazuri. Kuotea hakupigiwi filimbi kwenye shini, lakini mstari wa buluu upo. Ukiwa umeotea mita moja endelea, ukiwa umeotea mita kumi irudishe paki kwa wapinzani bila kuambiwa.

#12 ZiwaLimeganda (Minneapolis)

Niwaletee upande wa nje, maana huko hakuna Zamboni wala mratibu.

Kabla ya adabu, barafu yenyewe. Msalaba Mwekundu wa Kanada unataka unene wa sentimita 15 kwa mtu mmoja kutembea au kuteleza, na 20 kwa kundi au mchezo. Toboa matundu kadhaa, si moja, kwa sababu karibu na mito inayoingia na chini ya madaraja barafu ni nyembamba. Ya buluu angavu ndiyo imara. Nyeupe ya maziwa ina theluji ndani yake, ihesabu kama nusu ya nguvu. Ya kijivu ina maji, ondoka.

Theluji inaondolewa na wote. Aliyekuja akakuta uwanja umeshafagiliwa, akacheza saa 2 na kuondoka bila kushika koleo, ajue ameonekana. Sukumeni theluji iwe tuta pembeni. Linafanya kazi ya ukuta na kupunguza kutafuta paki gizani. Matundu mliyochimba kwa ajili ya maji ya kumwagia uwanja yawekeeni alama ya tawi au koni.

Timu: magongo yote yanawekwa rundo katikati. Mmoja anageuka au anafumba macho, anayarusha moja kushoto moja kulia mpaka yaishe. Unaenda lilipo gongo lako, na hakuna rufaa. Ndugu wawili wakiangukia pande tofauti, ndiyo hivyo.

Goli ni jozi ya viatu, au kisanduku cha mbao chenye tundu chini. Hakuna kipa, kwa hiyo paki haipandi. Haipandi kabisa, hata sentimita 20, maana nusu ya watu hawana kinga za miguu. Anayeinua anakwenda kuitafuta kwenye theluji, na hiyo ndiyo adhabu yake. Funga ukiwa karibu, si kutoka upande wako wa uwanja.

Watoto wakija, mchezo unabadilika kuwa wao. Wakubwa hawamnyang'anyi mtoto paki akiwa peke yake, wanamzuilia njia tu. Na viwanja vya bustani za mji mara nyingi vina sehemu mbili, ya hoki yenye ukuta na ya kuteleza tu. Gongo halivuki kwenda ya pili.

#13 SimbaBarafu (Nairobi)

Niaje wasee. Huku kwetu ni uwanja wa Panari kule Mombasa Road, uko tangu 2005 na ndiko Ice Lions, timu yetu ya hoki, walikoanzia. Kenya sasa ni mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia, IIHF, tangu 2024. Lakini uwanja ni mdogo kuliko kipimo kamili, na hiyo inabadilisha mambo kadhaa mliyosema.

Ukiwa na eneo dogo, watano kwa watano ni msongamano wa soko. Tatu kwa tatu au nne kwa nne inatosha, na zamu inashuka hadi sekunde 30 au 40 kwa sababu hakuna pahali pa kupumzika ukiwa ndani, paki inakurudia kila mara. Shuti zinapigwa kutoka karibu, so hiyo ya kutoinua paki tunaichukulia serious zaidi. Na ukuta uko karibu na kila mtu, kwa hiyo mgongo wa mtu anayeutazama ukuta hauguswi. Kabisa.

Kingine, vifaa vya kushiriki. Helmeti na glovu za pamoja zikaushwe na kupanguswa kabla ya mwingine kuvaa. Kiatu ulichoazima kirudishe kikiwa kimefutwa chuma kwa kitambaa kikavu, la sivyo kesho kina kutu na fundi wa kunoa hayuko kila kona hapa Nairobi.

#14 PapaBenchi (Montréal)

Mtu akianguka na asiinuke, nani anasimamisha mchezo? Wengine huendelea mpaka wafunge.

#15 BenchiFupi

Yeyote anayemwona. Anapaza sauti "Simama!" na mwenye paki anaiacha palepale, hata akiwa peke yake na goli. Usimwinue mtu kwa nguvu. Akiwa ameumia shingo, kichwa au mgongo asisogezwe wala helmeti isivuliwe, aitwe mhudumu wa uwanja. Akiinuka mwenyewe, wote wanagonga magongo barafuni au ukutani; hayo ndiyo makofi ya hoki. Damu ikidondoka inakwaruliwa na kutolewa kabla ya kuendelea.

Kuhusu kuanguka kwenyewe: ukiona unaanguka, kunja magoti, vyuma vibaki chini, usirushe miguu juu. Na vaa kinga ya shingo. Adam Johnson, mchezaji wa Nottingham Panthers ya Uingereza, alifariki baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu huko Sheffield tarehe 28 Oktoba 2023, na baada ya hapo IIHF ikaifanya kinga ya shingo kuwa lazima kwenye mashindano yake. Shini haina wa kukulazimisha. Ni kitambaa kinachopinga kukatwa, kinafunika koo lote, hakizuii pumzi. Sioni hoja ya kukikataa.

Kugongana mwili hakuna. Ukigusana na mtu kwa bahati mbaya, sema "samahani" papo hapo, usisubiri akuulize. Kukwatua kwa makusudi au kupiga mkono kwa gongo: mara ya kwanza mratibu anakuambia, mara ya pili unavua viatu. Aliyelipiza anatoka pamoja na aliyeanza, hata kama ana haki, kwa sababu hakuna refa wa kupima nani alianza.

#16 MgeniWaTheluji

Na ubishi wa goli? Nimeona watu wakibishana dakika nzima.

#17 KipaHalipi

Dakika nzima ni zamu nzima ya mtu mwingine. Kipa anasema imeingia au haikuingia, mnaendelea. Akisema hakuona, haikuingia.

Baada ya goli hakuna kurudi katikati kugombea paki. Waliofunga wanarudi nyuma mpaka mstari mwekundu wa katikati, waliofungwa wanatoa paki nyuma ya goli lao na kuanza. Kipa akiifunika, washambuliaji wanarudi nje ya mstari wa buluu. Kumrukia beki aliyeinama kuichukua paki nyuma ya goli baada ya kufungwa ni ushamba mtupu.

Zikibaki dakika 2 mtu atasema "goli la mwisho linashinda". Mkubali tu, hata kama mnaongoza kwa manane. King'ora kikilia, mchezo umekwisha hata kama umebaki na kipa. Kusanyeni paki, sogezeni magoli kama uwanja huo unataka hivyo, tokeni. Na wanaoingia saa inayofuata wasikanyage barafu mpaka Zamboni iwe imetoka na milango yake miwili imefungwa. Dereva haoni vizuri mbele ya pua ya lile gari, na maji ya moto aliyomwaga bado hayajaganda; ukikanyaga unaacha makovu yatakayokaa saa nzima.

#18 PwaniMpakaPrairie (Mississauga)

Assalaam alaykum. Mawili ya kwetu. Ramadhani, saa ya baada ya futari na tarawehe kuna barafu ya usiku sana na mara nyingi ni rahisi kidogo, watu wa huku wanaipenda. Mwambie mratibu mapema kwamba mwezi huo huchezi saa 12 jioni, usipotee tu. Na dada zetu: mtandio wa michezo wa kitambaa chepesi, usio na pini hata moja, unakaa vizuri chini ya helmeti, legeza mkanda wa kidevu kidogo kisha ufunge upya ili usikae juu ya mkunjo.

Pili, baada ya mchezo hapa wengi hukaa chumbani na bia. Hulazimiki kunywa na hakuna wa kukulazimisha, ila usikimbie kama unadaiwa. Kaa dakika 10, leta soda au tende zako, pitisha kwa wote. Hapo ndipo orodha ya wiki ijayo inapopangwa.

#19 DadaMstariMwekundu

Sheikh umegusa penyewe. Na wakipangana wiki ijayo wanakumbuka nani alilipa kabla ya kuingia barafuni na nani anadaiwa tangu Novemba. Lipa kabla. Ukishindwa kuja, sema angalau saa 24 kabla. Ukichelewa kusema, unalipa nafasi yako hata usipocheza. Kipa akishindwa, atafute kipa mwenzake mwenyewe, kwa sababu mchezaji mmoja akikosekana mchezo upo, kipa akikosekana haupo.

#20 PapaBenchi

Mmesahau harufu 😂

#21 KipaHalipi

Hatukusahau, tuliogopa kukutaja.

Ukifika nyumbani begi linafunguliwa usiku huohuo, si kesho. Kila kitu kinaning'inizwa, glovu vidole juu, feni inapulizia, nyayo za ndani za viatu zinatolewa. Jezi na nguo za ndani zinafuliwa kila baada ya mchezo, pedi za kitambaa kila baada ya wiki chache kwa maji ya baridi. Vyuma vinafutwa, kisha vinavaa soksi za kitambaa. Zile kinga ngumu za plastiki ni za kutembelea tu, zinatunza maji na kuleta kutu. Na tepu uliyobandua kwenye soksi iende pipani. Kuna watu huviringisha mpira wa tepu na kuurusha pipani kutoka mwisho wa chumba. Ukikosa, unainuka kuuokota.